Uzi maalumu: Kupika mbege kwa mara ya kwanza ukiwa Dar es Salaam

#1 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Huu ni mwaka wa tatu ninapika mbege katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, kwenye ua tunaoutumia wapangaji wanne, na kila anayeonja huniuliza maswali yaleyale. Nimeona ni heri niyaandike majibu mahali pamoja ili anayeanza asimwage ndizi na ulezi kama nilivyomwaga mimi. Mbege ninayoizungumzia ni ile ya Uchagani, inayopikwa kwa ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe. Sizungumzii gongo wala kinywaji chochote cha kukenekwa, kwa sababu sheria ya Tanzania inakataza jambo hilo na hatari zake ni za namna nyingine kabisa.

Jambo moja nataka lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo lililonigharimu. Maelekezo tunayopewa na wazee wetu ni sahihi, lakini yalipimwa kwa baridi ya mlimani. Marangu mwezi wa Julai mtu hulala na mablanketi mawili, ilhali Dar es Salaam mwezi wa Januari kipimajoto cha chumbani kwangu husoma nyuzi 31 saa nne usiku. Hamira inayogeuza sukari ya ndizi kuwa kilevi ni kiumbe hai, na kila joto linapopanda hufanya kazi kwa haraka zaidi, humaliza sukari mapema zaidi, na huwaachia nafasi bakteria wa siki ambao nao wanalipenda joto hilohilo.

Mara ya kwanza nilifanya kila kitu kama nilivyomwona bibi mzaa mama akifanya. Nilivundika ndizi, nikazimenya, nikazichemsha mpaka zikawa nyekundu, nikazimimina kwenye ndoo na kuzifunika kwa kitambaa, kisha nikahesabu siku sita, kwa kuwa ndizo siku ambazo bibi huipa nyalu yake, yaani hizo ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichache. Siku ya sita nilipofunua, harufu iliyonipiga usoni ilikuwa ya siki, juu kulikuwa na utando mweupe uliokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na inzi wadogo wa matunda walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa ndoo. Nilipompigia simu, bibi hakuuliza habari za ndizi wala za maji. Aliuliza, "Ilinyamaza siku ya ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimetega sikio hata mara moja. Nyalu inayochacha hutoa sauti: ukiinama juu ya pipa unasikia mchirizo mwembamba wa mapovu yanayopasuka, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Sauti ikipungua, sukari imekaribia kwisha. Ndoo yangu, kwa joto lile, nadhani ilinyamaza siku ya tatu, na siku tatu zilizobaki nilikuwa nikifuga siki.

Kuhusu vyombo, anza na kiasi kidogo. Mimi hupika lita 10 kwa wakati mmoja, na kwa kiasi hicho unahitaji sufuria kubwa, ndoo mbili za plastiki za lita 20 zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, mwiko mrefu na kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia. Usitumie ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa hata kama umeisugua mara kumi, kwa kuwa plastiki hunyonya. Usitumie pia ndoo ya bati lililopakwa zinki wala pipa la chuma, kwa sababu mbege ni chachu na uchachu wake huyeyusha madini hayo yakaingia kwenye kinywaji. Kusini mwa Afrika madaktari walikwisha kueleza zamani ugonjwa wa madini ya chuma kujaa kwenye ini kwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe iliyopikiwa kwenye vyombo vya chuma.

Kila chombo kitakachogusa nyalu au mso (ule uji wa kimea cha ulezi) baada ya kupoa lazima kisafishwe na kuoshwa kwa maji yaliyochemka. Kabla ya kupoa haina shida, kwa kuwa moto wenyewe unasafisha.

Nitaendelea na ndizi jioni.

#2 Binti Kimara

Kaka, shukrani kwa uzi huu. Baba yangu ni mtu wa Kibosho na amestaafu, na kwa kuwa miguu haimruhusu tena kusafiri kila Desemba, nimekusudia nimpikie mwenyewe hapa nyumbani. Sijawahi kupika pombe ya aina yoyote. Naomba unifafanulie mambo matatu: ndizi zipi zinafaa, nitajuaje kuwa zimeiva kiasi cha kutosha, na je, ni lazima niwe na nyalu ya zamani ya kuanzishia?

#3 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Binti Kimara, hongera kwa nia hiyo.

Mimi hununua ndizi ng'ombe pale soko la Mabibo, na nikizikosa huchukua kisukari. Mchare waachie watu wa mtori na machalari. Kwa lita 10 nunua kilo 10 zikiwa na maganda. Ukizipata mbichi, zivundike kwenye gunia au kapu lililofunikwa majani ya migomba, na hapa kwetu siku tatu au nne hutosha. Zinakuwa tayari pale ganda linapokuwa na madoa meusi na ndizi yenyewe inabonyea kwa kidole bila kupinga. Ndizi mbichi imejaa wanga, na jinsi inavyoiva ndivyo wanga huo unavyogeuka sukari. Hamira haili wanga. Ukiharakisha ukapika ndizi zenye ukijani, utapata uji mzito unaonata, wenye kilevi kidogo na ladha ya ugali.

Zimenye, ziweke kwenye sufuria na lita 8 za maji, kisha zichemshe kwa moto wa wastani saa tatu hadi nne huku ukikoroga kila baada ya dakika 15 ili zisishike chini. Utaona rangi ikitoka kwenye manjano, ikapita kahawia, ikaishia kwenye wekundu uliokolea. Rangi hiyo ina ladha yake, na hakuna njia ya mkato. Niliwahi kuepua baada ya saa moja kwa sababu mkaa uliniishia, na mbege ile ilikuwa na ladha ya juisi ya ndizi iliyolala.

Sasa suala la kuanzishia, ambalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kule nyumbani pipa la nyalu limetumika miaka nenda rudi, na hamira imejikita ndani ya mbao zake. Nyalu ikimiminwa humo, hamira hiyo huamka na kuwahi nafasi kabla ya viumbe wengine. Ndoo yako mpya ya plastiki haina kitu. Ndizi zilizochemka hazina kitu pia, kwa kuwa moto umeua vyote. Kwa hiyo chochote kitakachodondoka kutoka hewani ndicho kitakachotawala, na katika joto la Dar es Salaam mshindi anaweza kuwa yeyote. Kama una mtu anayepika, muombe kikombe kimoja cha nyalu inayochacha, siyo iliyonyamaza. Kama huna, nunua hamira ya kawaida ya mkate, chukua nusu kijiko cha chai, ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu, na uimimine kwenye nyalu iliyopoa. Hamira ya mkate na hamira ya pombe ni jamii moja, Saccharomyces cerevisiae. Najua wapo watakaonishutumu kwa hilo, lakini kwa mtu anayeanza bila pipa la urithi sioni njia salama zaidi.

Kupoza nako kuna haraka yake. Tumbukiza sufuria iliyofunikwa kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili au tatu, na ukishika sufuria kwa nje usisikie joto lolote ndipo uhamishe kwenye ndoo na kutia hamira. Ukiitia kwenye nyalu ya moto utakuwa umeipika.

Kisha funika kwa kifuniko kilichoegeshwa tu, au kitambaa kilichofungwa kwa kamba, kwa sababu hewa inayotengenezwa ndani lazima itoke. Weka ndoo ndani ya beseni lenye maji kiasi cha robo, izungushie gunia lililolowa ambalo ncha yake inagusa maji hayo, na ukiwa na feni ielekeze hapo. Maji yanapokauka kwenye gunia huondoka na joto. Unyevu wa hewa ya pwani hauruhusu miujiza, lakini mimi nimeshusha ndoo kutoka nyuzi 31 hadi 27 kwa njia hiyo, na nyuzi nne hizo ndizo zinazotenganisha nyalu yenye harufu ya tunda na nyalu inayokuumiza kichwa asubuhi. Mjue pia kwamba nyalu yenyewe ikichacha hutoa joto lake, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa kuna joto kuliko chumbani.

Siku ya kwanza utaona mapovu machache. Siku ya pili nyama ya ndizi itapanda juu na kutengeneza kofia nene, na hiyo uizamishe kwa mwiko safi asubuhi na jioni, la sivyo itakauka juu na kuota ukungu. Siku ya tatu anza kusikiliza.

#4 Mzee wa Rombo

Nimesoma kwa makini na nimefurahi kuona kijana anaheshimu kazi hii. Nina neno moja kuhusu msesewe kabla hujalifikia.

Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, hauchezewi. Gome lake ndilo linaloipa mbege ukakasi na uchungu unaokata utamu wa ndizi, lakini ndani yake mna kemikali kali za kundi la alkaloidi, na kwetu gome hilo linajulikana pia kama dawa. Mama yangu alikuwa akilipima kwa ulimi: alichemsha kipande kidogo, akachuja, akatia kijiko baada ya kijiko kwenye mso huku akionja. Nimewaona vijana mjini wakitumbukiza mafungu mazima wakidhani uchungu mwingi ndio ukali wa pombe. Huko ni kuwaumiza watu. Pia msinunue gome kwa mtu asiyeujua mti, kwa maana magome yaliyokaushwa hufanana, na gome la mti mwingine linaweza kuwa sumu. Mwenye ugonjwa wa presha na anayetumia vidonge, au mama mjamzito, asipewe kabisa.

Mbege isiyo na msesewe inanyweka. Msesewe bila kipimo ni hatari.

#5 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nakushukuru sana, na ninaomba kila anayesoma alizingatie neno lako. Mimi hutumia kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba kwa lita 10, ninakichemsha kwenye lita moja ya maji kwa dakika 20, na mara nyingi hata nusu ya maji hayo huwa siimalizi. Huagiza kutoka nyumbani kwa jirani yake bibi ambaye mti uko kihambani kwake.

Nije kwenye ulezi, ambao ndio nusu ya pili ya kazi na ndipo wanaoanza wengi hukwamia.

Ulezi hauingizwi kwenye mbege ukiwa mbegu kavu iliyosagwa. Unaoteshwa kwanza uwe kimea, kwa sababu mbegu inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake kuwa sukari ili kulisha mche mchanga. Sisi tunaukatiza mche huo safari na kuichukua sukari. Chukua kilo 2 za ulezi, upepete na kuuosha, kisha uloweke kwa siku nzima huku ukibadilisha maji mara mbili. Umwage maji, utandaze juu ya gunia safi lililolowa kwa unene wa kidole, ufunike kwa gunia jingine, na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Usiku wa pili ukiinua gunia utasikia harufu kama ya tango lililokatwa sasa hivi, na ukipitisha kiganja ndani ya ulezi utausikia una joto. Ugeuze ili usijipike wenyewe. Siku ya tatu vimizizi vyeupe vinakuwa vimesokotana kiasi kwamba ukinyanyua upande mmoja unanyanyuka kama mkeka. Hapo uuvunjevunje, uanike juani siku mbili mpaka ukauke kabisa, uusugue kwa mikono ili vimizizi vidondoke, na uupeleke mashineni usagwe unga usio laini sana.

Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, tupa wote. Usichague palipo pazuri, usiuoshe, usiseme moto utaua. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na ini la mtu halina kipuri. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi sioteshi kabisa kwa sababu hakuna jua la kukausha. Huwa nina kimea nilichokiandaa Februari na kukifungia kwenye ndoo kavu.

Sasa mso. Wengi huchemsha maji yakatokota, wakatia unga wa kimea, wakasonga uji, na kwenye vyungu vikubwa vya nyumbani vinavyopata moto polepole njia hiyo huleta matokeo mazuri. Kwenye sufuria ndogo ya mjini, unga unakutana na maji yanayotokota kwa ghafla na vimeng'enya vyote vinakufa kabla ya kufanya kazi. Vimeng'enya hivi hupenda joto la nyuzi 62 hadi 70 hivi. Kama huna kipimajoto, fanya hivi: koroga kilo moja na nusu ya unga wa kimea kwenye lita 2 za maji ya kawaida mpaka pasiwe na vidonge, kisha mimina juu yake lita 4 za maji yanayotokota, polepole, huku ukikoroga. Mchanganyiko huo unaangukia karibu na nyuzi 70, na hushuka kidogo sufuria ikishanyonya joto lake. Funika, izungushie sufuria blanketi au khanga kadhaa, uiache saa moja bila kuifunua.

Ninapenda sana dakika ya kuifunua. Ulipofunika palikuwa na uji mzito, mweupe kiasi, unaoning'inia kwenye mwiko. Unapofunua unakuta umelegea, umekuwa mwepesi kama maji ya mtori uliozidi maji, rangi imekolea, na ukionja ni mtamu kama mtu amekwambia uongo kwamba hakutia sukari. Baada ya hapo urudishe jikoni uchemke dakika 15, kwa sababu joto la nyuzi 65 haliui bakteria wote wanaokuja na ulezi. Upoze kwa njia ileile ya beseni, na tia maji ya msesewe kwa kuonja.

Nyalu ikinyamaza, ichuje kwa kitambaa, ukamue machicha, uichanganye na mso uliopoa. Mlimani huachwa mpaka kesho yake au zaidi. Hapa Dar es Salaam saa 10 hadi 12 zinatosha. Ukichanganya saa mbili usiku, saa mbili asubuhi ina utamu unaoagana na ukali, na jioni yake ni kali kamili. Kesho yake inywe au igawe. Mbege haina maisha marefu na hakuna haja ya kuilazimisha.

#6 Mwana wa Bukoba

Mada nzuri. Sisi Wahaya rubisi yetu hatuchemshi ndizi. Ndizi zikishaiva hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu ndani ya mtumbwi wa mbao, juisi huchujwa na kupunguzwa kwa maji, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake watu wanakunywa. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana urwagwa unaopikwa kwa namna inayokaribiana nayo. Swali langu: kwa nini nyinyi mnajisumbua kuchemsha saa nne wakati ndizi isiyopitishwa motoni ina hamira yake yenyewe kwenye maganda na mikononi mwa wanaokanyaga?

#7 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba hivi ni vinywaji viwili tofauti. Rubisi inafuata juisi nyepesi na uharaka. Hamira ya porini inaanza kazi saa ileile na watu wanakunywa kabla bakteria hawajajipanga. Mbege inafuata ile ladha ya ndizi iliyoiva kwa moto, ambayo juisi haina, na mso wa ulezi unaifanya iwe chakula kwa kiasi fulani. Mtu aliyekunywa kata mbili hatafuti chakula cha mchana. Ukiichemsha unapoteza hamira ya asili, kwa hiyo unalazimika kuirudisha kutoka kwenye pipa au kwa njia nyingine. Nimewahi kunywa rubisi Bukoba na niliipenda, lakini kwenye ua wa wapangaji wanne sioni pa kuweka mtumbwi.

#8 Mhamiaji wa Minnesota

Nawasalimu kutoka Marekani. Huku kupika bia nyumbani kwa matumizi yako mwenyewe kulikubaliwa na sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, na tangu hapo imekuwa burudani ya watu wengi, wenye maduka yao ya vifaa. Ninapika mbege kwa ndizi za dukani ninazoziacha mpaka maganda yawe meusi, na ulezi ninaupata kwenye maduka ya Wahindi ambako wanauita ragi. Msesewe sina, kwa hiyo natumia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kidogo sana. Si sawa, lakini uchungu unapatikana.

Ningependa kuongeza kifaa kimoja ambacho wapishi wa huku hawakikosi, nacho ni haidromita. Ni kioo kinachoelea: kwenye maji yenye sukari nyingi kinaelea juu, na sukari ikipungua kinazama. Namba yake ni uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Ukisoma 1.045 mwanzoni na 1.010 mwishoni, unatoa ya pili kwenye ya kwanza, unapata 0.035, unazidisha kwa 131.25, na kilevi ni takriban asilimia 4.6. Kwa mbege lazima uchuje vizuri sana sampuli yako kabla ya kupima, kwa sababu chembe za ndizi na ulezi hukidanganya kifaa. Kwa nyalu peke yake kinasaidia sana: kikisoma namba ileile siku mbili mfululizo, nyalu imenyamaza, hata kama masikio yako hayajazoea.

#9 Binti Kimara

Nimerudi na habari za jaribio la kwanza. Nyalu ilikwenda vizuri mpaka siku ya tatu, nikaisikiliza na nikaisikia ikipungua. Ila nilipofika kwenye mso, nilipungukiwa na muda, nikatia unga kwenye maji yanayotokota moja kwa moja. Haukulegea. Nikaongeza sukari nusu kilo ili upate utamu, nikachanganya, kisha nikajaza kwenye chupa za maji za plastiki, nikazifunga na kuziacha jikoni usiku. Saa tisa usiku tuliamshwa na mlio. Chupa mbili zilikuwa zimepasuka na dari lilikuwa na mbege. Naomba usinicheke.

#10 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Hakuna wa kukucheka, dada yangu, na nashukuru hazikuwa chupa za kioo, kwa maana hapo tungekuwa tunazungumzia hospitali. Chanzo ni sukari uliyoongeza. Hamira ilikuwa bado hai ndani ya nyalu, ukailetea chakula kipya chepesi, kisha ukaifungia mlango. Kila inapokula sukari hutoa kilevi na hewa ya kaboni, na hewa hiyo isipopata pa kutokea hupasua chombo. Mbege haifungwi kwa kukaza. Ukitaka kuisafirisha, jaza galoni kwa robo tatu, legeza kifuniko, na kila kituo ukiachie kipumue.

Kuhusu mso, jaribu tena kwa vipimo vya lita 2 na lita 4 kama nilivyoeleza, na usiwe na haraka na ile saa moja. Wala usitie sukari. Mso ukilegea wenyewe utakuwa na utamu wote unaouhitaji.

#11 Binti Kimara

Wanajamvi, jaribio la pili limefanyika Jumamosi iliyopita. Nilipofunua blanketi mso ulikuwa umelegea kama ulivyosema, nikamwita mdogo wangu aje aone. Nilichanganya saa tatu usiku. Jumapili baada ya ibada nilimpelekea baba kwenye glasi, akaniambia nitafute kata, nami sina, nikampa bakuli la kibuyu linalotumika kama pambo sebuleni. Kwanza aliniambia ninywe mimi, kama desturi inavyotaka kwa aliyepika, ndipo akapokea. Alikaa nayo mdomoni kwa muda. Akasema msesewe umepungua kidogo na ndizi zingeongezwa nusu saa jikoni, kisha akaomba ya pili.

Nina swali la mwisho. Nimebakiwa na kikombe cha nyalu nilichokitoa siku ya pili, kabla haijanyamaza. Kinaweza kukaa kwa muda gani nikitaka kukitumia kuanzishia mara ijayo?

#12 Mjukuu wa Marangu (mleta uzi)

Kitie kwenye chupa safi, usikaze kifuniko, kiweke kwenye friji mahali pa baridi zaidi pasipogandisha. Mimi sivuki wiki mbili. Siku ya kupika kitoe asubuhi, kilishe vijiko viwili vya maji ya ndizi yaliyopoa, na jioni kikianza kutoa mapovu utajua kiko hai. Kikinuka siki, mwaga na uanze na hamira mpya. Kuanzia sasa ndoo yako usiisugue kwa sabuni yenye manukato. Maji yanayochemka yanatosha.

Na nusu saa aliyoisema baba, iongeze.